Wakati ujao wa kuendelea katika Kiingereza, na adabu iliyomo ndani yake

Mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja Zanzibar anataka kujua kama mgeni atakula hapo usiku, ili jikoni wajue wapike sahani ngapi. Anaweza kuuliza, "Will you have dinner with us tonight?" Anaweza pia kuuliza, "Will you be having dinner with us tonight?" Kisarufi maswali yote mawili ni sahihi, ila mgeni aliyekulia katika Kiingereza hayasikii sawa. La kwanza linamfikia kama mwaliko: karibu tule pamoja. Akikataa, anahisi kuna mtu kamkatalia. La pili linauliza ratiba tu: katika mipango yako ya leo, chakula cha usiku kimo au hakimo? Mgeni anajibu ndiyo au hapana, na hakuna aliyeombwa wala aliyekataliwa.

Vitabu vingi vya shule hulipita jambo hili mbio. Hutoa kanuni, hutoa mfano wa mtu atakayekuwa anasoma kesho saa fulani, kisha hugeuza ukurasa. Mwanafunzi anabaki na umbo mkononi bila kujua alitumie wapi, na matokeo yake ama halitumii kabisa, ama analimwaga kila mahali akidhani linampa sauti ya kisomi. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili ana kila sababu ya kulielewa upesi. Lugha yake mwenyewe inalo umbo hilo, na katika mambo fulani inalitumia kwa upana kuliko Kiingereza.

Umbo lenyewe

Chukua sentensi "Nitakuwa ninapika." Ndani ya "nitakuwa" mna mambo matatu: mtenda, wakati ujao, na kitenzi "kuwa". Kiingereza kinayatawanya yote matatu katika maneno yanayojitegemea: "I will be". Kisha "ninapika" ya Kiswahili, yenye "-na-" ya kitendo kinachoendelea, inakuwa "cooking", ambapo "-ing" ndiyo inayobeba kuendelea huko. Tofauti kubwa ni moja. Kiswahili kinamtaja mtenda mara mbili, ni-takuwa ni-napika, na Kiingereza kinamtaja mara moja tu mwanzoni. Kikanushi kinaingia baada ya "will": "I will not be cooking", au kwa kifupi "I won't be cooking". Swali linatanguliza "will": "Will you be cooking?" Katika maongezi "I will" husikika kama "I'll", nyepesi kiasi kwamba asiye na mazoea huikosa kabisa.

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni "-ing". Wengi huiacha, hasa wanapoandika haraka, na kuiacha si kosa dogo la tahajia. Linganisha "I will be paying" na "I will be paid". Ya kwanza ni nitakuwa nalipa, ya pili ni nitalipwa. Mwenye duka anayemwandikia msambazaji wake na kuchanganya hayo mawili amebadilisha mwelekeo wa pesa. Vivyo hivyo "I will be calling" ni nitakuwa napiga simu, na "I will be called" ni nitapigiwa au nitaitwa. Kiambishi hicho kidogo ndicho kinachotofautisha mtenda na mtendwa, kama "-w-" inavyofanya katika "nitalipwa".

Kuhusu tahajia ya "-ing" yenyewe hakuna mengi: "write" hupoteza herufi yake ya mwisho na kuwa "writing", "run" huongeza "n", "lie" hugeuka "lying". Waingereza huandika "travelling" kwa "l" mbili na Wamarekani kwa moja.

Kitendo kilicho katikati

Maana ya msingi ya umbo hili ni kitendo ambacho, tutakapokitazama huko mbele, tutakikuta katikati. Kimeanza tayari na hakijaisha. Njia nzuri ya kuiona maana hiyo ni kuliweka tukio moja katika maumbo matatu yanayofuatana:

"When you arrive, I will make tea."
"When you arrive, I will be making tea."
"When you arrive, I will have made tea."

Kwa Kiswahili: Ukifika nitapika chai. Ukifika nitakuwa napika chai. Ukifika nitakuwa nimepika chai. Katika sentensi ya kwanza mgeni anaingia, anakaa, ndipo birika linawekwa jikoni. Katika ya pili anapobisha hodi birika liko motoni na majani yanachemka. Katika ya tatu chai iko kwenye chupa, kazi ni kumimina. Kiswahili kinazitofautisha hali hizo tatu bila shida yoyote, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba tofauti hii ni ngeni kwetu. Tofauti tumezaliwa nayo, na ugeni uko kwenye vazi lake tu.

Katika sentensi hizo tatu, sehemu ya kwanza ni "When you arrive", bila "will". Hapa ndipo Kiswahili kinatuvuta upande. Sisi husema "utakapofika", na "-ta-" ya wakati ujao iko pale pale, inaonekana kwa macho. Kwa hiyo ulimi unatamka "When you will arrive" bila hata kufikiri. Kiingereza hakikubali. Baada ya "when", "before", "after", "until" na "as soon as" zinapotaja wakati ujao, kitenzi hubaki katika wakati uliopo. Ukipata shida kukumbuka, usianzie kwenye "utakapofika". Anzia kwenye "ukifika", ambayo haina "-ta-" ndani yake, na tafsiri itakaa sawa yenyewe.

Saa nazo zina mtego wake. Anayewaza "kesho saa mbili usiku nitakuwa naangalia mpira" anatakiwa kusema "At eight tomorrow evening I will be watching football." Akiandika "at two" amempeleka mwenzake kwenye saa nane, ya mchana au ya usiku wa manane. Ukitaka kusema "kesho muda kama huu", Kiingereza ni "this time tomorrow", bila kuanza na "at" wala "in".

Tofautisha pia "at" na "by". "At eight I will be cooking" ina maana kwamba ukinifungulia mlango saa mbili kamili utanikuta jikoni. "By eight I will have cooked" ina maana kwamba ikifika saa mbili kazi imekwisha. "By" ni neno la mwisho wa muda, ndiyo maana huambatana zaidi na kitendo kilichokamilika.

Pale "-me-" inapotudanganya

Hili sehemu nyingi hazilifundishi, na ndilo linalowakwaza hata watu wenye Kiingereza kizuri. Tumezoea kuambiwa kwamba "-na-" ni kuendelea na "-me-" ni kukamilika. Kwa hiyo mtu akitaka kutafsiri "nitakuwa nime-", mkono unakimbilia "I will have". Kwa "nitakuwa nimepika" inafanya kazi. Sasa jaribu ujumbe huu, wa aina ambayo watu hutumiana kila siku: mwenyeji anamwandikia mgeni asiyemfahamu sura, anayeshuka kwenye boti ya kutoka Unguja.

"Nitakuwa nimevaa shati jekundu, nimesimama karibu na geti."

Akitafsiri "I will have worn a red shirt", mgeni ataelewa kwamba shati limeshavaliwa wakati fulani kabla, na huenda sasa limevuliwa. Hatajua amtafute nani. Kiingereza sahihi ni "I will be wearing a red shirt and standing near the gate." "-me-" mbili za Kiswahili zimegeuka "-ing" mbili.

Sababu ni kwamba Kiswahili kina kundi la vitenzi ambavyo kitendo chake kikikamilika huacha hali inayodumu. Mtu akishavaa, yumo ndani ya nguo. Akishakaa, yuko kitini. Akishalala, yuko usingizini. Akishasimama, yuko wima. Akishabeba mzigo, uko kichwani au begani mwake. Kwa vitenzi hivyo, "amevaa", "amekaa", "amelala", "amesimama", "amebeba" havielezi jambo lililokwisha bali hali ya sasa hivi. Kiingereza kinaitaja hali hiyo hiyo kwa "-ing": "wearing", "sitting", "sleeping", "standing", "carrying". Ukitaka kuona kwamba "-na-" haifai hapo, sema "anavaa". Msikilizaji atamwona mtu ambaye mkono mmoja umeshaingia kwenye shati na wa pili bado.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri "nitakuwa nime-", jiulize swali moja: wakati huo utakapofika, kitu kinaendelea au kimekwisha? Ukisema "saa nne usiku nitakuwa nimelala", unamaanisha kwamba usingizi unaendelea. Basi ni "At ten I will be sleeping." Ukisema "saa nne usiku nitakuwa nimemaliza kazi", kazi imekwisha, basi ni "By ten I will have finished work." Sheria ya kiambishi peke yake haitakuokoa hapa. Itakubidi utazame tukio lenyewe.

Kiswahili kina tabia nyingine ambayo Kiingereza kinashiriki kabisa. Mtu anataka kumpigia simu shangazi yake saa tano usiku, na mwenzake anamzuia: "Usimpigie, saa hizi atakuwa amelala." Hakuna wakati ujao hapo. Wanazungumzia sasa hivi, ila msemaji hana hakika, anakisia kwa kuzijua tabia za shangazi. Kiingereza ni "Don't ring her, she'll be sleeping now." Mchana wa Ijumaa, "Mzee atakuwa anaswali" ni "He'll be praying." Wanafunzi wengi wakikutana na "she'll be sleeping now" kwenye kitabu hushangaa "will" imefuata nini pamoja na "now". Wangekumbuka wanavyosema wao wenyewe nyumbani, wasingeshangaa.

"Will" inapoacha kutaka

Turudi kwenye adabu, kwa sababu hapa ndipo umbo hili lina thamani yake kubwa, na ndipo ningependa mwalimu yeyote wa Kiingereza atumie muda mrefu zaidi ya anaoutumia kwenye kanuni.

"Will" ya Kiingereza haikuzaliwa kama alama ya wakati. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya kutaka. Mwenzake "shall" ilikuwa na maana ya kudaiwa, kuwajibika. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, na ndani yake akaweka kanuni iliyosumbua shule kwa karne nyingi: kwa nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu na "will" huahidi au kutishia, na kwa nafsi nyingine mambo yanageuka. Leo watu wachache hufuata kanuni hiyo, na "will" imekuwa ya wote, ingawa "we shall be" bado utaisikia sana kwenye hotuba na barua za kiofisi Afrika Mashariki. Kiswahili kilipita njia iyo hiyo. "-ta-" yetu inatokana na "taka", na umbo refu bado limejificha katika "atakayekuja" na "nitakapofika".

Kwa kuwa ilianzia kwenye kutaka, "will" haijasahau asili yake. Ikisimama na kitenzi kitupu, mara nyingi hubeba hiari ya mtu: kukubali, kuahidi, kukataa. "Will you help me?" ni ombi. "I will help you" ni ahadi. Na "He won't eat" kwa kawaida ina maana kwamba amegoma kula.

Umbo la kuendelea hufanya kazi moja ya ajabu: linaiondoa hiari hiyo na kuacha tukio peke yake. Kitendo kinaelezwa kama jambo ambalo litakuwa linajiendea katika mtiririko wa mambo, bila mtu kuamua papo hapo. Ndiyo maana swali la mhudumu wa hoteli linakuwa la heshima. Haulizi unataka nini, wala hakuombi ufanye kitu. Anauliza mambo yatakuwaje.

Jaribu na kukataa, ambako tofauti inauma zaidi. Umealikwa harusini na huwezi kwenda. Ukiandika "I won't come to the wedding", mwenye harusi anaweza kuisikia kama sitaki kuja. Ukiandika "I won't be coming to the wedding", umemwambia kwamba kuja kwako hakumo katika yatakayotokea, na sababu umeiacha nje ya mlango. Kiswahili kinapata upole huo kwa njia nyingine. Sisi husema "sitaweza kuja" au "sitajaliwa kufika", tukipeleka lawama kwa uwezo au kwa Mungu. Kiingereza kinaipeleka kwenye sarufi. Ongeza "I'm afraid" mwanzoni na barua yako imekamilika.

Jaribu na kusaidia. Jirani anapitia Kariakoo kesho na anakuuliza kama una haja ya kitu. "I'll be passing through Kariakoo tomorrow. Do you need anything?" Hapo anakwambia kwamba safari yake ipo hata bila wewe, kwa hiyo usione haya kumtuma. Angesema "I'll go to Kariakoo tomorrow", ungehisi anajitolea kwenda kwa ajili yako, na pengine ungekataa kwa kutotaka kumsumbua. Nasi tunasema vivyo hivyo: "kesho nitakuwa napita Kariakoo, nikuletee nini?" Upole wa lugha zote mbili umekaa katika kuufanya msaada uonekane mwepesi kwa anayeutoa.

Na jaribu kwa kuazima kitu. Kumuuliza mwenzako wa ofisini "Will you use the projector this afternoon?" si kosa, ila "Will you be using the projector this afternoon?" inampa nafasi. Kama hana haja nayo, mwenyewe atasema "hapana, chukua". Hujaomba bado, na hivyo hujamweka mahali pa kulazimika kutoa au kunyima. Watu wanaofanya kazi za huduma, kwenye hoteli, benki, mashirika ya ndege, waongozaji wa watalii, wakilishika hili moja watakuwa wamepata kitu cha thamani kuliko msamiati wa kurasa kumi. "How will you be paying, sir?" "Will you be checking out tomorrow?" "How many nights will you be staying?" Haya ni maswali ya kila siku ya kaunta, na yote yana sura hii kwa sababu hiyo.

Lakini upole huo una gharama. Kinachoondoa hiari huondoa pia ahadi. Mtu unayemdai akikwambia "I will pay you on Friday", amejifunga. Akisema "I'll be paying you on Friday", ametaja ratiba tu, na ratiba hubadilika. Ndiyo maana sipendi jinsi umbo hili lilivyojaa katika barua pepe za ofisini: "I will be sending you the documents", "We will be getting back to you", "I will be forwarding your request". Sentensi hizo si makosa. Ila mwandishi anapotaka kuaminiwa, "I will send you the documents today" ina mkono wa mtu ndani yake. Katika barua ya kuomba kazi, katika mkataba, na katika kumjibu mteja aliyelalamika, tumia "will" na kitenzi kitupu. Hapo hiari yako ndiyo hasa inayotafutwa.

Mahali lisipofaa

Vitenzi vingine havipendi "-ing" kwa sababu havielezi kitendo bali hali ya moyo, akili au umiliki: "know", "believe", "own", "need", "belong". Hatusemi "I will be knowing the results tomorrow". Tunasema "I will know". Katika Kiswahili "nitakuwa najua" haitushtui sana, kwa hiyo kosa linateleza bila sisi kulisikia.

"Have" inastahili neno lake la pekee, maana ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi kwenye majukwaa yetu. Ikiwa na maana ya kumiliki, haikubali "-ing": "I will be having a car next year" si sahihi, sema "I will have a car". Ikiwa na maana ya kula, kunywa, kufanya kikao au sherehe, inakubali: "We will be having lunch at one", "We will be having a meeting". Mshereheshaji anayetangaza "We shall be having the bride's family on my left" kwa maana kwamba wamekaa kushoto kwake ameivusha "have" mpaka isipovuka. "The bride's family will be sitting on my left" inatosha, na ni hiyo hiyo "watakuwa wamekaa" ya "-me-" tuliyoiona.

Vilevile usilitumie kwa matukio mawili yanayofuatana. "The bell will be ringing and the students will be going out" inamchora mtu anayetazama kengele ikilia na wanafunzi wakitoka kwa wakati mmoja. Kama unachotaka ni kwamba kengele italia kisha wanafunzi watatoka, "will ring" na "will go out" zinatosha.

Kwa mambo yaliyokwisha kupangwa, Kiingereza mara nyingi hutumia wakati uliopo wa kuendelea, kama sisi tunavyosema "kesho nakwenda Dodoma": "I'm going to Dodoma tomorrow." Ukisema "I'll be going to Dodoma tomorrow", maana inakaribiana sana na hiyo, ila inaongeza ile ladha ya jambo linalojiendea, labda kwa sababu kazi yako inakupeleka huko kila mara.

Ndugu yake mrefu

Kuna umbo la pili katika ukoo huu, "will have been" pamoja na "-ing". Linapima urefu. Linasimama mahali fulani huko mbele, linageuka nyuma, na kuhesabu kitendo kimekuwa kikiendelea kwa muda gani.

Chukua njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro. Usiku wa mwisho wapandaji huondoka kituo cha Kibo karibu na saa sita usiku, gizani, wakiwa na taa kichwani, ili wapambazukiwe wakiwa juu. Muongozaji mzuri huwakalisha wageni jioni na kuwaeleza yatakayowakuta, na karibu kila sentensi yake inahitaji maumbo haya. "At midnight we will be leaving the hut." "For the first hours you will be walking on loose stones, very slowly." "At sunrise we will be standing on the rim of the crater." Na kisha, ili wajiandae kwa uchovu: "When we reach Uhuru Peak, we will have been climbing for about seven hours." Hapo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wageni watatazama nyuma na saa hizo saba zote watazihisi miguuni. Angesema "we will be climbing when we reach the peak", ingekuwa haieleweki, kwa sababu ukishafika kileleni hupandi tena. "Will have been climbing" inakubali kwamba kupanda kunakomea pale pale, na inataja urefu wake.

Kiswahili hakina umbo maalumu kwa kazi hii. Tunasema "tutakuwa tumepanda kwa saa saba" na neno "kwa" linamaliza kazi. Ndiyo maana mwanafunzi huishia na "we will have climbed for seven hours", ambayo si kosa, lakini haina ule uzito wa kitendo kilichokuwa kikiendelea bila kukoma. Ukihesabu vitu, tumia umbo fupi: "By noon I will have written three letters." Ukihesabu muda, tumia refu: "By noon I will have been writing for three hours." Na vile vitenzi vya hali vinakataa "-ing" hata hapa: "In December I will have known her for ten years."

Linabaki umbo ambalo kwa kanuni lipo lakini kwa vitendo halionekani. Mtu akitaka kusema "mwakani shule itakuwa inajengwa", kanuni inampa "Next year the school will be being built." Waingereza wenyewe huikwepa sentensi hiyo. "Be being" ni nzito mdomoni, na hata "is being built" ya kawaida ilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 18 tu. Kabla ya hapo walisema "the house is building", na msikilizaji alielewa kwamba nyumba haijengi kitu, inajengwa. Kwa hiyo andika "Next year the school will be under construction", au mtaje anayejenga: "Next year they will be building the school."